Hadhira Isiyochagua: Fani na Maudhui katika Sanamu ya Kituo cha St Pancras

Mjadala kuhusu uhusiano wa fani na maudhui umezoeleka katika uhakiki wa fasihi yetu. Makala haya yananuia kuupeleka mjadala huo kwenye uchongaji wa vituo vya reli, ambao hadhira yake haikuchagua kuwa hadhira. Msomaji anaweza kuifunga riwaya. Abiria hana budi kuipita sanamu iliyosimamishwa njiani mwake.

Kielelezo chetu ni The Meeting Place, kazi ya Paul Day iliyosimamishwa mwaka 2007 katika kituo cha St Pancras, London. Ni sanamu ya shaba nyeusi yenye kimo cha mita 9, inayoonyesha mwanamume na mwanamke wamekumbatiana chini ya saa ya kituo. Dhamira yake ni wazi: safari hukamilika kwa kukutana. Udhaifu wake unatokana na ukubwa wake. Kukumbatiana ni tendo la faragha. Likikuzwa kiasi hicho, hugeuka tangazo. Abiria asiyepokelewa na yeyote hana nafasi miguuni pa wapenzi hawa.

Mkanda wa michongo unaozunguka kitako cha sanamu, uliowekwa baadaye, unasimulia mengine. Humo mna askari waendao vitani na abiria waliosongamana katika treni za chini ya ardhi. Mtu huusoma kwa karibu, hatua kwa hatua, mithili ya utendi. Hata hivyo, onyesho moja la rasimu yake, la mtu aangukaye mbele ya treni inayoendeshwa na Mauti, liliondolewa mwaka 2008 baada ya kupingwa.

Je, huku kulikuwa kumdhibiti msanii? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Bila onyesho hilo, mkanda umepoteza jibu lake kali kwa ahadi ya wapenzi walio juu. Lakini pingamizi nalo lina uzito: aliyefiwa relini hawezi kuifunga shaba kama kitabu.

Isidhaniwe, basi, kwamba kituo hakistahimili huzuni. Katika kituo cha Liverpool Street, jijini humo humo, sanamu ya Frank Meisler ya mwaka 2006 inawakumbuka watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliookolewa kutoka utawala wa Nazi na kupelekwa Uingereza kati ya 1938 na 1939. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Watoto wa Meisler wamesimama na masanduku yao, kwa kimo kinachokaribia cha wapita njia. Msiba wenyewe hauonyeshwi. Umefumbwa katika masanduku.

Kwa hivyo, kasoro ya St Pancras si kukosa kifo, bali kukosa fumbo: juu, mapenzi yametangazwa, chini, mauti nayo yalikusudiwa kutangazwa. Hadhira isiyochagua haihitaji kufichwa ukweli. Inahitaji fani inayoiachia nafasi ya kuupokea kwa hiari.