Kuipima Divai ya Savoie

Aliyezoea divai nzito za nchi za joto huweza kuionja ya Savoie mara moja tu na kuikataa kwa kuwa ni hafifu. Hukumu hiyo haiitendei haki. Kwenye miteremko hii ya milima ya Alpi, mashariki mwa Ufaransa, zabibu hupata jua mchana na baridi kali usiku, kwa hiyo huiva bila kupoteza uchachu wake. Divai nyeupe nyingi za huku hazifiki hata asilimia 12 ya kileo. Mwonjaji aanze na swali moja: je, uchachu huu umebeba kitu?

Jacquère, zabibu nyeupe iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Savoie, ndiyo inayohitaji swali hilo zaidi. Mzabibu wake huzaa sana. Mkulima asipopunguza vichala, hupata divai ya majimaji, chachu tupu. Aliye makini hutoa kitu kingine kabisa, hasa kule Apremont na Abymes, majina ambayo mnunuzi ayatafute kwenye lebo. Mashamba hayo yako juu ya kifusi cha mlima Granier, ambao ubavu wake uliporomoka mwezi Novemba 1248 na kufukia vijiji pamoja na watu wake. Mizabibu ya leo imesimama katikati ya mawe yale ya chokaa. Jacquère nzuri imepauka karibu kama maji, ina harufu ya limau na maua meupe, na huacha mdomoni ladha kavu, safi, inayoamsha hamu ya chakula. Ikichomachoma ulimi kidogo kwa gesi iliyobaki ndani yake, mnywaji asiihesabu kuwa kasoro. Kasoro ni ladha inayokatika mara tu baada ya kumeza. Hii ni divai ya kunywewa changa, kabla ya miaka miwili au mitatu kupita.

Altesse, zabibu nyingine nyeupe, inadai subira. Chupa iliyoandikwa Roussette de Savoie imetengenezwa kwa zabibu hiyo peke yake, na zilizo bora hutoka sehemu chache zinazotajwa kwa jina: Marestel, Monthoux, Frangy na Monterminod. Ikiwa changa huwa imejifunga, haisemi mengi. Ikitunzwa miaka mitano au zaidi hufunguka kwa asali, lozi na matunda yaliyokaushwa, huku uchungu mwembamba wa mwisho ukiizuia isichoshe. Uchungu huo ni alama ya ubora, ilimradi uje mwishoni na uondoke upesi.

Huko Chignin, zabibu ya Roussanne huitwa Bergeron, nayo hutoa divai iliyojaa kuliko nyeupe nyingine zote za Savoie, yenye harufu ya aprikoti. Gringet ni adimu zaidi; makazi yake ni mashamba machache ya Ayze, katika bonde la mto Arve. Kwa muda mrefu ilitumika zaidi kwa divai ya povu. Mtengenezaji divai wa huko, Dominique Belluard, aliyefariki mwaka 2021, aliionyesha dunia kwamba inaweza pia kutoa divai tulivu, isiyo na povu, yenye kina kikubwa.

Mezani ndipo wepesi wa divai hizi nyeupe unapojieleza. Fondue ya Savoie hupikwa kwa jibini kama Beaufort pamoja na divai nyeupe, na asidi ya divai hiyo ndiyo inayosaidia jibini liyeyuke laini bila kugandamana. Jacquère ileile inayomiminwa sufuriani inafaa pia glasini, kwa kuwa huusafisha ulimi uliotandwa mafuta. Tartiflette, mlo wa viazi, nyama ya nguruwe na jibini la Reblochon, inataka Altesse au Bergeron yenye mwili kidogo. Altesse iliyokomaa ikiandaliwa na samaki wa ziwa, omble chevalier au féra aliyekaangwa kwa siagi, ni mlo unaostahili kufungiwa safari. Divai hizi zisipoozwe mno: nyuzi 8 hadi 10 zinaitosha Jacquère, na Altesse ipate nyuzi mbili zaidi, la sivyo harufu yake yote italala.

Kisha kuna Mondeuse, fahari nyekundu ya Savoie. Vipimo vya DNA vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kuwa zabibu maarufu ya Syrah ni mtoto wa zabibu za Dureza na Mondeuse nyeupe. Mondeuse nyekundu ni jamaa wa ukoo huo, na pua huutambua undugu kwa pilipili manga na maua ya vayoleti. Arbin ndiko kunakosifika zaidi kwa Mondeuse. Isipoiva vyema, huwa na harufu ya majani mabichi na ukakasi unaokausha fizi. Ikiiva, rangi yake hukaribia zambarau, ukakasi hulainika, na uchachu huibeba miaka mingi. Mtengenezaji divai Michel Grisard wa Fréterive alilithibitisha hilo kwa Mondeuse alizozikomaza kwenye mapipa ya mwaloni. Mnywaji aitafutie diots, soseji za nguruwe za huko, au nyama ya porini, na aiandae kwa nyuzi 15 hivi. Ikiwa changa, aimimine kwenye jagi saa moja kabla ya kula ili ipate hewa.