Bibi Yangu Hasemi "I Do Not"

Niliandika hadithi ya Kiingereza kuhusu bibi yangu wa Msambweni, nikawasomea marafiki watatu pale Ukunda. Nilipofika mahali bibi anaulizwa boti ya mwanawe imepotelea wapi, naye anajibu "I do not know, my child. I do not ask the sea", mmoja wao akaweka kikombe chini.

"Ngoja kwanza. Huyu ni bibi yako au ni nabii Musa?"

Walicheka. Mimi nilinuna mpaka stejini. Lakini ndani ya tuktuk nikaanza kujiuliza: bibi mwenyewe angesemaje? Angesema "Simanya", Kidigo safi, bila kuinua macho kutoka kwenye korosho anazobangua. Kama kuna mgeni asiyejua Kidigo, angesema "sijui". Silabi tatu, yamekwisha. Mimi nimelichukua neno jepesi hivyo nikalivisha joho na kilemba.

Tangu siku hiyo nasoma hadithi za Kiingereza zinazotoka kwetu kwa jicho la ubaya. Mvuvi wa Gazi anasema "I cannot". Mama wa mahamri anasema "it is not". Hata msichana aliyepanda boda kutoka Diani, simu mkononi, anamwambia dereva "do not go so fast" kana kwamba anasoma ubao wa barabarani. Halafu kwenye hadithi hiyo hiyo anaingia mtalii, au bosi kutoka Nairobi, na ghafla don't na can't zinamwagika kama maji ya bomba. Yaani ritifaa imekuwa pasipoti. Anayezungumza Kiingereza anayo. Anayezungumza Kiswahili au Kidigo, tukimtafsiri, tunamnyang'anya.

Najua mahali pamoja tulipoupata ugonjwa huu. Shuleni mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa akizungushia duara jekundu kila don't kwenye insha. Si uongo kwamba barua rasmi haizitaki, na malalamiko yenyewe ni ya zamani: Jonathan Swift alikuwa akinung'unika kuhusu Waingereza kukatakata maneno yao tangu mwaka 1710, kwenye gazeti la The Tatler. Lakini insha ni kitu kimoja na mdomo wa mtu ni kitu kingine. Sisi tulichukua adabu ya insha tukawapa wahusika wetu, na hakuna aliyetuambia tuivue.

Tena kuna kichekesho hapa. Tunadhani kukata ni tabia ya Kiingereza, wakati Kiswahili kilishakata zamani na hakikuacha hata alama. Chukua "hujui". Ndani yake kuna ha ya kukanusha, kuna u ya wewe, kisha kitenzi. Ha na u zimegongana, a ikamezwa, ikabaki hu. "Hajui" ni vivyo hivyo, a mbili zimekuwa moja. Na "sijui" ndiyo kiboko: ungetarajia ha na ni, lakini hazionekani kabisa, mahali pake pamekaa si. Ni kazi ile ile ya won't, ambayo zamani ilikuwa "woll not" na leo hakuna anayeiona woll. Kwa hiyo ukitafsiri "sijui" kuwa "I do not know", umefumua kitu ambacho msemaji mwenyewe hawezi kukifumua hata akitaka. Hakuna Kiswahili kirefu cha "sijui".

Sasa msisitizo, na hapa ndipo hasara ilipo. Mwingereza akitaka kukaza neno, hurudi kwenye umbo refu. Akikwambia "I don't want it", mnaendelea na mazungumzo. Akikwambia "I do not want it", toka mlangoni. Sisi hatuna njia hiyo kwa kuwa hatuna umbo refu, kwa hiyo tunaongeza: sitaki mimi, sitaki kabisa, sitaki katu. Na watu wa kwetu wana ile ya mwisho, "sitaki ng'o!", ambayo ikitoka hakuna rufaa. Mwandishi anayempa bibi "I do not" kuanzia ukurasa wa kwanza amemfanya awe amekasirika siku nzima, hata anapokataa sukari kwenye chai. Zamu ya ng'o ikifika, mfuko mtupu.

Kuna wanaoijua kazi hii. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021, ana riwaya ya Paradise ya mwaka 1994. Kijana Yusuf anatolewa kwao kwa sababu ya deni la babake, anaenda kukaa kwa tajiri Aziz, na dukani anamkuta Khalil, aliyemtangulia katika rehani hiyo hiyo na mdomo wake haulali. Vijana hawa hawaongei Kiingereza hata kidogo. Lakini Khalil anapomfungua Yusuf macho kwamba yule tajiri si mjomba wake, Gurnah anamwekea ain't. Ain't! Neno linalofukuzwa darasani kila siku ya Mungu. Na kwa neno hilo moja nimemwona Khalil: kaka mkubwa wa kaunta, mjanja, kejeli nusu na huruma nusu. Angeandikiwa "he is not your uncle" ningemwona karani wa mahakama.

Nitawatetea kidogo waandishi wa umbo refu, maana hawakuwa wajinga. Kwenye vitabu vya safari vya wazungu Mwafrika alizoea kupewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, "me no want", kama mtoto. Chinua Achebe alipotoa Things Fall Apart mwaka 1958, wazee wake walizungumza kwa uzito na methali, na uzito huo ulikuwa jibu. Mzee wa kaya akisimama barazani kutoa hukumu, mpe "we do not" yake, amestahili. Taabu ni kwamba tuliurithi ule uzito bila kurithi sababu, tukamvika hata kijana anayeuza madafu ufukweni.

Na mitego haiishii hapo. Ile "si" yetu ya Kenya, ambayo haikanushi chochote: "Si ule basi!" Anayetafsiri kwa uaminifu wa kipofu ataandika "Will you not eat?", na mama aliyeshika mwiko amegeuka padri. Hapo Kiingereza kina njia yake tayari, "won't you eat", au "why don't you eat", nayo pia ni ukanushi usiokanusha. Lugha mbili zisizo na undugu zimefanya ujanja mmoja, sisi tunapita bila kusalimia.

Au swali la kukanusha. "Hujala?" "Ee." Kwetu huyo ana njaa, amekubali kwamba hajala. Juzi nimesoma hadithi, naihifadhi jina, mtoto anaulizwa "Haven't you eaten?" anajibu "Yes", kisha aya ya pili analia kwa njaa. Msomaji wa London atadhani mtoto ni mwongo. Ufukweni Diani mambo haya yanaleta kelele halisi: mtalii anauliza "You don't have change?", muuzaji anajibu "Yes", mtalii anasimama akingoja chenji ambayo haipo. Hadithini hakuna wa kuja kusuluhisha.

Nimeirudia hadithi yangu. Bibi sasa akiulizwa boti iko wapi anasema "Don't know", anaendelea na korosho zake, na ile sentensi ya kuiuliza bahari nimeifuta, ingawa niliipenda, wallahi. Ukurasa mzima hana "not" hata moja iliyosimama peke yake. Nimeiweka akiba mpaka mwisho, wanapokuja wale watu wa gari jeupe kuulizia shamba la minazi. Wanaongeza bei mara mbili. Anawajibu "I'm not selling", anawakaribisha madafu. Wanaongeza mara ya tatu. Bibi anaweka kisu chini. Kwa Kiswahili alichosema ni "Siuzi ng'o." Mimi nimeandika "I will not sell."

Rafiki yangu wa kikombe ameisoma, safari hii hakucheka. Amebakisha lalamiko moja tu, lile "my child". Anajua vizuri kwamba bibi hajawahi kuniita hivyo, huniita "mume wangu" kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu, na bado sijapata ujasiri wa kumwandikia Mwingereza jambo hilo.