Waya wa Spika Haupimwi kwa Macho

Toyota Fielder moja iliyotoka Japani ilifungwa redio mpya hapa Kanyakine, na kasoro zilizofuata zinastahili kuchambuliwa kwa kuwa ndizo zinazorudi kila mara kwa mafundi wa redio za magari. Redio iliwaka, stesheni zikashika, ila besi ya mbele ilikuwa hafifu. Kisha likazuka jingine: gari likiingia kwenye mashimo, au mlango wa mbele wa kulia ukifungwa kwa nguvu, spika zote nne zilinyamaza kwa mpigo mmoja. Mwenye gari akizima redio na kuiwasha tena, sauti ilirudi. Fundi wa kwanza alisema spika ya mlango huo imeungua. Ikanunuliwa nyingine, na tatizo likabaki palepale.

Ishara ilikuwa wazi tangu mwanzo. Koili ya spika ikikatika, hunyamaza spika hiyo peke yake. Zikinyamaza zote nne kisha zikarudi baada ya redio kuzimwa na kuwashwa, redio ndiyo iliyojizima ili isiungue. Imehisi umeme unapita mahali usipofaa. Swali la kuuliza hapo ni waya gani unagusa nini.

Tuanze na sababu ya kubadilisha redio. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na redio inayoanzia 76 MHz na kuishia 90, ilhali stesheni za FM za Kenya hupeperusha kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari hubaki na kipande kidogo tu cha masafa, pamoja na maandishi ya Kijapani kwenye skrini. Wapo wanaofunga kifaa cha kuhamisha masafa. Wengine huing'oa redio yote na kuweka mpya, na hapo ndipo shida za nyaya huanza.

Nyuma ya redio ya kiwanda ya Toyota mna plagi mbili za kawaida, moja yenye pini 10 na nyingine yenye pini 6. Ipo adapta inayoingia moja kwa moja kwenye plagi hizo bila kukata waya wowote. Katika gari hili plagi zilikatwa, nyaya zikaunganishwa kwa kufuata rangi. Kosa la kwanza lilitokea hapo, kwa kuwa rangi za Toyota na rangi za redio za dukani ni mifumo miwili tofauti.

Redio za dukani kwa kawaida hutumia njano kwa umeme wa kudumu wa betri, nyekundu kwa umeme wa ufunguo na nyeusi kwa hasi inayokwenda kwenye bodi. Spika ya mbele kushoto hupewa nyeupe, mbele kulia kijivu, nyuma kushoto kijani, nyuma kulia zambarau. Waya usio na mstari ni chanya, wenye mstari mweusi ni hasi. Katika Toyota nyingi, nyekundu na nyeupe ni za spika ya nyuma kulia, nyeusi na njano ni za spika ya nyuma kushoto. Kijani kibichi na buluu huenda mbele kulia, waridi na zambarau huenda mbele kushoto. Maana yake ni kwamba waya mweusi wa Toyota unaweza kuwa chanya ya spika, huku ule wa redio mpya ukiwa hasi ya umeme wote.

Fundi aliyeifunga redio aliutambua mtego wa nyeusi na njano, lakini akanaswa na zambarau. Katika redio mpya zambarau tupu ni chanya, basi akaichukulia zambarau ya Toyota kuwa chanya pia. Kumbe pale waridi ndiyo chanya na zambarau ni hasi. Spika ya mbele kushoto ikawa imegeuzwa: koni ya kulia ikisukuma hewa nje, ya kushoto inaivuta ndani. Sauti nyembamba hazidhuriki sana kwa hali hiyo, ila mawimbi marefu ya besi hukutana na kufutana. Hiyo ndiyo sababu besi ilikuwa hafifu ilhali spika zote mbili zilikuwa nzima.

Kipimo chake hakihitaji mtambo. Redio inachomolewa, kisha betri ndogo ya volti 1.5 inaguswa kwa nukta moja kwenye nyaya mbili za spika, chanya ya betri ikiwa kwenye waya unaodhaniwa kuwa chanya. Koni ikiruka nje, dhana ni sahihi. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Koni ya kushoto iliingia ndani. Betri ya gari isitumike kwa kazi hii: volti 12 kwenye spika ya ohmu 4 ni ampia 3 na wati 36 za umeme usiobadilika, na koili itapata joto kwa muda mfupi sana.

Kasoro ya pili, ile ya spika zote kunyamaza, ina historia ndefu zaidi. Katika magari ya zamani, amplifaya ya redio ilisukuma waya mmoja tu wa spika. Ule mwingine uliweza kufungwa kwenye bodi na kurudisha umeme kupitia chuma. Tabia ya kuona hasi ya spika na bodi kuwa kitu kimoja ilitokana na enzi hizo. Redio za leo husukuma nyaya zote mbili, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Sababu ni nguvu. Kwa volti 14.4 injini ikiwa inanguruma, waya mmoja unaosukumwa hauwezi kuipa spika ya ohmu 4 zaidi ya wati 6.5 hivi hata kwa hesabu ya amplifaya isiyopoteza chochote. Nyaya mbili zikisukumwa kinyume, kikomo hicho hufika takriban wati 26. Zile wati 50 mara 4 zilizoandikwa kwenye katoni ni kilele cha umeme, si sauti ya kawaida.

Gharama ya nguvu hiyo ni kwamba kila waya wa spika, hata ule unaoitwa hasi, huwa na nusu ya volti za betri, yaani 6 au 7, ukipimwa dhidi ya bodi. Waya huo ukigusa chuma cha gari, amplifaya imepigwa shoti, na ulinzi uliomo ndani yake huinyamazisha. Kwenye redio nyingi kosa la waya mmoja huzima spika zote, kama ilivyokuwa hapa.

Fundi wa pili hakugusa spika. Alichomoa plagi ya redio, akaweka mita kwenye ohmu, akagusanisha ncha zake kwanza ili ajue mita yenyewe inasoma ngapi, kisha akaweka ncha moja kwenye chuma na nyingine kwenye kila waya wa spika. Nyaya sita hazikusoma kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Mbili za mbele kulia nazo zilikaa kimya hadi mlango ulipotikiswa, kisha kijani kibichi ukashuka karibu na 0 na buluu ukasimama kwenye 4 kasoro kidogo.

"Mwalimu, spika yako haina neno," akamwambia mwenye gari. "Ni waya huu wa kijani unaokula chuma."

Tofauti ya namba hizo ilimtosha. Nyaya mbili zimeunganishwa na koili ya spika, kwa hiyo mmoja ukigusa bodi zote mbili zitasoma. Unaosoma chini ndio unaogusa. Mwingine unaongeza ohmu za koili njiani. Akavuta raba iliyo kati ya mlango na bodi, mahali nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, akakuta ganda limechubuka na shaba inang'aa. Akakata, akaongeza kipande ili waya usivutwe, akatia lehemu na kufunika kiungo. Tepu nyeusi peke yake ingelainika kwa joto na kuteleza.

Kwa hiyo kabla ya kulipia spika mpya, mwambie fundi achomoe plagi ya redio akuonyeshe namba mbili: ohmu kati ya nyaya mbili za spika, na ohmu kati ya kila waya na bodi huku mlango ukitikiswa. Ya kwanza ikiwa kati ya 3 na 4, na ya pili isiposoma chochote, spika ni nzima na pesa yako ibaki mfukoni. Kama bado hajakata plagi za kiwanda, mwongezee pesa za adapta.