Mke Mwenza Asiyeonekana

Zilikuwa zimepita kama dakika arobaini hivi shangazi alipoiweka foronya mapajani na kuuliza, “Sasa huyo Rebecca mwenyewe tutamwona lini?” Shangazi hatazami filamu kwa macho yote mawili, moja huwa kwenye sindano. Ametarizi foronya na vitambaa vya makochi hapa Tanga tangu sijazaliwa, na sinema kwake ni kelele za kusindikizia kazi. Nilipomjibu kwamba hatutamwona, si sasa wala mwisho, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Foronya haikuguswa tena usiku ule.

Filamu yenyewe ni Rebecca ya mwaka 1940, ya kwanza ambayo Alfred Hitchcock aliiongoza Marekani baada ya kutoka kwao Uingereza. Imetokana na riwaya ya Daphne du Maurier iliyochapishwa 1938. Kisa chake ukikisimulia mbiombio ni kilekile cha hadithi za mapenzi za kigothi: msichana asiye na kwao anaolewa na mgane tajiri, anapelekwa kwenye jumba kubwa la Manderley huko Cornwall, na jumba linamkataa. Mke wa kwanza inasemekana alifia baharini, lakini herufi R ya jina lake bado imejaa kwenye vitu vya nyumba. Huyu mpya hata jina hana. Filamu nzima, dakika 130, hakuna anayemtaja kwa jina lake mwenyewe.

Nimetazama nyingi za namna hii, na nyingi zimenichosha. Mshumaa, ngurumo, mlango unaolia, halafu mzimu unatokea na unga usoni. Ukishatokea, hofu imekwisha. Unabaki kukagua vipodozi tu. Hitchcock alijitwika kazi ngumu kuliko hiyo. Alimjenga mtu kwa vitu alivyoviacha, kisha akakataa katakata kutuonyesha hata uso wake.

Angalia anavyomtumia Bi. Danvers, msimamizi wa nyumba, aliyeigizwa na Judith Anderson. Humwoni akija. Mke mpya anageuka, na mama yule mwenye gauni jeusi yuko pale, mikono imekutana mbele ya tumbo, kana kwamba alikuwepo siku zote. Hitchcock alikuja kueleza kwamba alifanya hivyo makusudi: kumwonyesha akitembeatembea kungemfanya awe binadamu wa kawaida. Basi akamnyima miguu.

Kilichomnasa shangazi zaidi ni ile sehemu ya chumba cha kulala. Danvers anamtembeza bibi arusi katika chumba cha marehemu kama anayeonyesha makumbusho. Anatoa koti la manyoya, analipitisha shavuni mwake, kisha shavuni mwa yule msichana. Anafungua saraka ya nguo za ndani, zilizoshonwa kwa mkono na watawa wa kike. Anamwonyesha mfuko wa gauni la kulalia ambao aliutarizi yeye mwenyewe, R kubwa juu yake. Halafu anaingiza mkono ndani ya lile gauni ili msichana aone kitambaa kilivyo chepesi, na vidole vinaonekana upande wa pili. Hapo hakuna muziki wa kushtua wala kivuli ukutani. Ni mkono tu ndani ya nguo. Mimi mwili ulinisisimka.

Shangazi aliinama mbele. “Herufi kama hiyo huwezi kumtarizia mtu usiyempenda,” alisema. “Huyu mama hafanyi kazi hapa. Yumo edani.” Kisha, baada ya kimya kidogo: “Na huyo wenu si mzimu, mwanangu. Ni mke mwenza.”

Nimesoma maelezo mengi kuhusu filamu hii na sijakutana na neno lililoipata sawasawa kama hilo. Mke mwenza aliye hai mtagombana, mtapeana zamu, siku nyingine mtazoeana mkamsengenya mume. Aliyekufa hanuni, hazeeki, haunguzi mchuzi. Zamu zote zake. Mke mpya anavunja kisanamu kimoja cha kauri mezani na kuficha vipande kwenye saraka, kama mtoto au kijakazi. Mwenye nyumba angewaita watu wafagie. Kwa vipande vile unajua nyumba bado ni ya nani.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Maxim, mume, yuko na mkewe kwenye kibanda cha boti ufukweni, anamsimulia usiku ambao Rebecca alikufa. Mtengeneza filamu mwingine angeturudisha nyuma, atuonyeshe mwanamke mrembo kwenye kochi. Hitchcock na mpiga picha wake, George Barnes, hawarudi popote. Maxim anasema Rebecca alikuwa amelala pale, na kamera inalitazama kochi tupu. Anasema aliinuka, na kamera inainuka. Anasema alimjia, na kamera inakata chumba taratibu, kwa mwendo wa mtu, ikiifuata hewa. Nilimtupia jicho shangazi. Alikuwa amekunja miguu, kama anayempisha mtu.

Barnes alipata Oscar kwa upigaji picha wa filamu hii, na filamu yenyewe ikachukua ile ya filamu bora. Hitchcock hakupata ya uongozaji.

Sidai kuwa haina ila. Masharti ya maadili ya Hollywood ya zama zile hayakuruhusu muuaji asiadhibiwe. Kwa hiyo Rebecca, ambaye riwayani mumewe anampiga risasi, hapa anajikwaa na kugonga kichwa. Ajali! Uzito wa kisa chote unapungua pale. Maxim mwenyewe, pamoja na uzuri wote wa Laurence Olivier, anamposa msichana huku akimwita mpumbavu, na shangazi aliuliza kama kule kwao hakuna washenga. Na woga wa Joan Fontaine, aliyeigiza mke mpya, haukuwa wa kuigiza tu: alikuja kusimulia kwamba Hitchcock alimwambia kuwa Olivier hamtaki, na kwamba alikuwa akitaka mpenzi wake Vivien Leigh apewe nafasi ile. Woga wake kwenye kioo naupenda. Njia iliyotumika kuupata siipendi.

Manderley haikuwepo. Ukiiona kwa nje, ni mfano mdogo wa nyumba uliojengwa kwa ajili ya kamera, maelfu ya kilomita kutoka Cornwall. Ilipofika zamu ya kuiteketeza, mtayarishaji David O. Selznick alitaka moshi upande angani na kuandika R. Hitchcock aliona hilo ni mzaha. Akaipeleka kamera chumbani, kitandani, kwenye ule mfuko uliotariziwa, na moto ukaila herufi uzi kwa uzi. Shangazi, ambaye hajawahi kumsikia Selznick, alitikisa kichwa akasema kazi ya siku nyingi inapotea hivihivi.

Ukiipata, ifikishe kwenye kile kibanda cha boti, uitazame mara moja na maneno. Kisha irudishe nyuma, zima sauti, umtazame Rebecca akipita.