Je, Istilahi “Diski Kuu” Inatosha?
Istilahi “diski kuu” imezoeleka, lakini tunaiona ina kasoro. Katika seva yenye diski nane zinazolindana, hakuna iliyo kuu. Ikifa moja, hutafutwa spea; ikifa nyingine kabla spea haijapatikana, kumbukumbu zaweza kupotea. Kwa hiyo anayeagiza hana budi kutaja umbo, inchi 2.5 au 3.5, ujazo, usiopungua ule wa awali, na kiungo, maana kidhibiti cha SAS huweza kupokea diski ya SATA, bali cha SATA hakipokei ya SAS. Neno “kuu” halidokezi hata moja kati ya hayo. Twapendekeza “diski hifadhi”, ikifuatiwa na sifa hizo tatu. Wasomaji na waipime.