Breki za mafuta kwenye baiskeli za bei nafuu: zinafeli wapi?

Fundi wa pikipiki wa Sirari, Nyamongo au Mugumu hahitaji kufundishwa breki ya mafuta. Pikipiki zenye diski ya mbele zimejaa barabarani, na kutoa upepo kwenye breki ni kazi aliyoizoea: jaza mafuta, kamua, shikilia, legeza nepo, kaza, rudia. Baiskeli ya mbio ya bei nafuu, ya mtumba au mpya, inapofika kibandani kwake ikiwa na diski na mipira myembamba ya mafuta, anaiona kama pikipiki iliyopunguzwa. Hapo ndipo ajali nyingi za breki hizi zinapoanzia, wala si kiwandani.

Kanuni ni ileile. Mkono wa breki husukuma pistoni ndogo, mafuta hupeleka msukumo hadi kwenye kalipa, pistoni kubwa za huko huzibana pedi kwenye diski. Mafuta hayabanwi yakapungua ujazo, ndiyo maana vidole viwili vinatosha. Hewa hubanwa. Kikiingia kiputo kimoja cha maana, mkono unafika hadi kwenye usukani na baiskeli inaendelea na safari yake.

Tofauti iko kwenye aina ya mafuta. Pikipiki na magari hutumia DOT 3 au DOT 4, mafuta ya jamii ya glaikoli. Shimano na watengenezaji wengi wa breki za baiskeli za bei ya chini hutumia mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi imetumia DOT. Sili za mfumo mmoja haziwezi kuishi na mafuta ya mfumo mwingine. Ukimimina DOT 4 kwenye breki iliyoundwa kwa mafuta ya madini, siku ya kwanza itashika vizuri kabisa, na mteja ataondoka akishukuru. Baadaye sili zinavimba na kulainika. Pistoni inagoma kurudi, pedi zinasugua diski muda wote, kisha mafuta yanaanza kuvuja na kulowesha pedi. Pedi iliyolowa mafuta haishiki hata ukikamua kwa mikono miwili. Kusafisha peke yake hakutoshi tena; sili zote zilizoguswa zimeharibika, na kwa breki ya bei nafuu kwa kawaida huwezi kupata sili pekee. Unatupa breki nzima.

Jambo la pili ni joto, na hapa jiografia inahusika. Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu inapita Nyamwaga na Nyamongo, inavuka Mto Mara ndipo iingie Serengeti. Kutoka milimani hadi mtoni ni kushuka. Tuchukue mwendeshaji na baiskeli yake wenye kilo 90 kwa pamoja, wakishuka kimo cha mita 300. Nishati inayotakiwa kupotea ni kilojuli 265 hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 8, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hiyo ni kama wati 590. Ongeza mzigo wa kilo 50 nyuma, zinapita 900, yaani moto wa pasi ya umeme. Upepo na matairi huchukua sehemu. Kinachobaki kinaingia kwenye diski mbili nyembamba za milimita 140 au 160.

DOT 4 mpya lazima ihimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini hufyonza unyevu hewani, na kiwango kinachotakiwa kwa iliyokwisha kunywa maji ni 155 tu. Mafuta ya madini hayanywi maji. Maji yakipenya yanakaa peke yake na kushukia sehemu ya chini kabisa, ambayo ni kalipa, penye moto kuliko pengine pote. Kwenye kimo cha Tarime, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke nao hubanwa kama hewa.

Je, bei ndogo haina lawama? Inayo, lakini si pale watu wanapodhani. Desemba 2013 SRAM iliwataka wanunuzi waache mara moja kutumia breki zake za mafuta za baiskeli za barabarani, zikiwemo za daraja la juu kabisa, baada ya sili za pistoni ya mkononi kushindwa kushikilia msukumo kwenye baridi kali. Ghali nazo zilifeli. Tofauti ni kwamba kampuni iliweza kuwafikia wateja na kubadilisha. Baiskeli iliyopita mikono mitatu hadi kufika mnadani haina wa kuipigia simu.

Bei ndogo inaonekana kwenye diski. Nyingi za daraja la chini zimeandikwa kwamba zinakubali pedi za utomvu tu. Ukiweka pedi za chuma kwa sababu vumbi la changarawe linamaliza zile laini haraka, chuma laini cha diski kinaliwa. Diski za Shimano za kawaida zina unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika 1.5 zinatolewa.

Kuna pia uharibifu wa safari ya basi. Gurudumu linatolewa ili baiskeli ipande kwenye keria, mtu anakamua breki bila diski kuwepo, pedi zinakutana. Fundi anazitenganisha kwa bisibisi, na pistoni ya plastiki ngumu au kauri inapata ufa usioonekana. Kipande cha mbao au kadibodi kati ya pedi kingezuia yote hayo.

Uamuzi wangu: kwa anayebeba mzigo kati ya Tarime na Serengeti, breki ya diski ya waya ni bora kuliko ya mafuta ya bei nafuu, kwa sababu waya unapatikana kila kibanda na ukichakaa unaonekana. Aliye nayo ya mafuta tayari asiiogope. Asome kwanza maandishi kwenye mkono wa breki yanayotaja aina ya mafuta, anunue chupa yake mwenyewe na kumkabidhi fundi. Kabla ya mteremko akamue kwa nguvu na ahesabu hadi kumi. Mkono ukizama, ashuke akiikokota baiskeli.