Rangi Hufuata Maji

Ukishika barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, au ukateremka kutoka mji wa Migori kuelekea Nyatike, utaziona nyumba za udongo ambazo kuta zake zina rangi mbili. Sehemu ya juu, kutoka usawa wa goti hadi kwenye upenu, ni kahawia hafifu, kijivu cha majivu au nyeupe. Chini umezungushwa mshipi wa rangi nzito, mweusi au mwekundu kama udongo wa kichuguu. Mshipi huo umefikiriwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, na yeyote anayetaka nyumba yake ipendeze kwa nje, iwe ya udongo au ya saruji, angeanza kwa kuusoma.

Mvua za ukanda wa ziwa mara nyingi huja alasiri au jioni, na huja na upepo. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati huipiga ardhi kwa nguvu. Uwanja wa boma hufagiliwa kila asubuhi hadi ukawa mtupu, hivyo kila tone hurusha tope ukutani, na tope hilo hufika kama kwenye goti. Hapo ndipo rangi nyeupe huharibika msimu wa kwanza. Mshipi wa rangi ya udongo ule ule wa uwanjani hulipokea tope hilo bila kuonyesha doa.

Lakini kuficha uchafu ni nusu tu ya kazi yake. Sehemu ya chini ndiyo inayoliwa na maji kwanza, kwa hiyo hukandikwa upya mara nyingi kuliko juu. Kiraka kipya kwenye ukuta wa rangi moja huonekana kutoka mbali, hata kama udongo umechimbwa shimo moja na ule wa zamani. Ukuta wenye mshipi hauna tatizo hilo: kazi mpya huishia kwenye mstari, na mstari huficha kiungo. Mwenye nyumba hutengeneza sehemu ya chini tu ya ukuta, na nyumba nzima ikaonekana mpya. Kwangu mimi huu ni ufundi wa hali ya juu, na inasikitisha kuona ukiachwa kwa kudhaniwa kuwa ni urembo wa kizamani.

Kwa desturi ya Waluo, wanaume husimamisha nguzo, hufunga fito na kuezeka. Kukandika na kupamba ni kazi ya wanawake, nayo huenda kwa tabaka. Tope la kwanza hujaza nafasi kati ya fito. Likikauka hupasuka, kwa kuwa mfinyanzi hunywea unapopoteza maji, na nyufa hizo huachwa zifunguke zote kabla ya tabaka la pili, lenye mchanga zaidi. La mwisho ni samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa na udongo uliochekechwa, pengine na majivu. Nyuzinyuzi za majani ambayo ng'ombe hakuyasaga kikamilifu hushikanisha udongo, na uso hupasuka kidogo tu na kustahimili manyunyu. Michirizi ya upinde inayochorwa kwa vidole pia ina kazi yake. Ikichorwa kwenye tabaka la chini lingali bichi, huliachia tabaka linalofuata mahali pa kung'ata.

Kipimo cha mchanga hakifanani kila mahali. Kwenye nyanda za chini za Homa Bay, na sehemu za Nyatike, kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka vibaya ukikauka, na ukitumiwa peke yake ukutani hautulii kamwe. Rongo, Awendo na Uriri, kwenye nchi ya miwa, udongo mwekundu ni mpole zaidi. Mkandikaji mzoefu huujua udongo wake kwa kuufinyanga mkononi, kisha hujaribu kibandiko kidogo ukutani na kukiacha kikauke kabla ya kuendelea.

Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali na plasta, na makosa ninayoyaona zaidi yanatokana na kusahau maji. Ukuta hupakwa rangi ya krimu kutoka juu hadi ardhini, na baada ya msimu mmoja sehemu ya chini imegeuka nyekundu. Plasta hupakwa rangi kabla ya kukauka, ilhali saruji huhitaji kama wiki nne. Ikiharakishwa, chumvi hutoka na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi mpya. Kosa baya zaidi ni rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo. Unyevu uliomo ndani hukosa njia ya kutokea, rangi huvimba, kisha hubanduka na kipande cha ukuta. Ukuta wa udongo unataka chokaa, au udongo wenyewe. Wa plasta unataka rangi ya maji juu, na mshipi wa rangi nzito chini.

Mimea nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Ua wa mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, hauhitaji kumwagiliwa, mbuzi hawaugusi, na ukikatwa vizuri huwa ukuta wa kijani unaoipa nyumba mandhari tulivu nyuma yake. Utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo upandwe mpakani, mbali na mahali watoto wanapochezea. Mti wa siala hutoa maua ya manjano na nguzo za nyumba ijayo. Bogenvilia hupendeza langoni, lakini ikiegemezwa ukutani huzuia jua na upepo kuukausha, na miiba yake humfukuza anayekuja kukandika.

Mizizi ya miti pia ni hatari kwa ukuta, na ushahidi uko Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, boma la mawe lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zilipangwa bila saruji wala tope, na baadhi zinazidi mita nne kwenda juu. Zimesimama kwa karne kadhaa kwa kupangwa vizuri tu, lakini miti inayoota kati ya mawe huweza kuyasukuma hadi ukuta ukafumuka. Ukuta wa fito hauwezi kushindana na nguvu hiyo. Mti mkubwa ukae mbali, na karibu na nyumba paachwe nafasi ya mtu kupita na ndoo yake.

Panapostahili kijani karibu na ukuta ni pale matone ya upenu yanapoangukia. Ukanda mwembamba wa nyasi fupi, au changarawe kama ng'ombe wanalala karibu, huvunja nguvu ya tone kabla halijarusha tope. Uwanja uliobaki unaweza kuendelea kufagiliwa kama kawaida. Kazi yote ya ukutani na ya ukanda huu ifanyike Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, na mshipi uwe wa mwisho kupakwa, baada ya ukanda huo kutandikwa na sehemu ya juu ya ukuta kukauka.